Chokaa Katika Majivu ya Ba

Juzi mmoja wenu vijana, ambaye sitamtaja kwa kuwa mama yake ni jirani yangu, alinionyesha kwenye simu video ya mtu anayefundisha kuchoma chokaa. Dakika nne tu. Mwalimu amevaa glavu mpya na shati lililopigwa pasi, na tanuru lililo nyuma yake halijawahi kuonja moto. Ilipokwisha, kijana akaizima simu, akaniambia, "Papa Ngoy, sasa na minye minajua." Nilicheka mpaka nikakohoa. Akanuna, akaondoka bila kumaliza chai yake.

Tangu siku hiyo namfikiria. Sikumtendea haki. Mimi mwenyewe niliingia kazini nikiwa vile vile, na tena nilimwona mtu mwenye elimu kupita sisi sote hapa Likasi akiwa vile vile, si kwa chokaa bali kwa mambo ya Mungu na roho. Alikuwa Mhindi, mkemia wa kiwanda chetu, jina lake Harish. Yaliyompata alipoichoma maiti ya mama yake, kwa desturi ya kwao, niliyaona kwa macho yangu, na kosa lililotokea pale lilikuwa langu. Kaeni basi niwaeleze, na yule aliyenuna mwiteni.

Kiwanda kilikuwa kidogo, mali ya mtu binafsi, kando ya machimbo ya Kakontwe: matanuru mawili, banda la kuzimia chokaa kwa maji, na chumba kimoja kilichoitwa maabara. Niliajiriwa nikiwa kijana, nimetoka shule ya ufundi na diploma yangu ndani ya mfuko wa plastiki. Nilijua kwamba jiwe la chokaa huanza kuiva kwenye nyuzi mia tisa. Niliweza hata kuiandika ile kanuni ya kemia kwa mwandiko mzuri. Mkuu wa moto, Mzee Chola, hakujua kusoma wala kuandika, na mimi, Mungu anisamehe, nilimhurumia.

Halafu Mzee Chola akashikwa na malaria, nikaachiwa tanuru kwa wiki nzima. Nilitazama kipimo cha joto tangu asubuhi mpaka jioni, sikulitazama jiwe. Kipimo kilikuwa kinadanganya. Nikapika mawe kupita kiasi, yakatoka mazuri, magumu, ya manjano kidogo, nikayaona kuwa mali safi. Sasa sikieni, maana hili halimo kwenye video yenu: jiwe lililopikwa kupita kiasi hujifunga. Ukilimwagia maji leo, halishtuki na kuchemka kama linavyofanya lililoiva vizuri. Linaweza kungoja wiki, hata miezi, likiwa ndani ya ukuta, kisha siku moja linavimba na kupasuka.

Padri wetu alipaka kanisa kwa chokaa yangu. Jumapili ya tatu, katikati ya mahubiri, ukuta ukaanza kurusha vipande, pa, pa, kimoja kikamwangukia mwimbishaji wa kwaya kichwani. Mama mmoja alianza kuungama dhambi zake kwa sauti, na mume wake alikuwa amekaa karibu. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma. Ndoa ile, nasikia, ilichukua muda kutulia.

Mzee Chola aliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Mbele ya leo ulikuwa unasikia tu. Sasa unajua." Kisha akanifunga macho kwa kitambaa, akaanza kuniwekea mawe mkononi, moja baada ya jingine, kila siku kabla ya chakula, kwa miezi mingi. Jiwe bichi ni zito. Jiwe lililoiva limepoteza karibu nusu ya uzito wake, unalinyanyua na mkono unapanda wenyewe kwa mshangao. Lililoiva nje tu lina moyo mzito katikati, utalisikia likilala upande mmoja wa kiganja. Lililoungua limenyauka na uso wake unateleza. Nilikosea sana, nikapigwa vidole kwa kijiti, mpaka siku moja nikaacha kufikiri na mkono ukawa unajibu wenyewe.

Lakini msianze kutupa vitabu vyenu. Mwaka mmoja wachimbaji walifika kwenye tabaka jingine la mawe, chini kabisa, mawe yanayofanana na yale ya zamani kama mapacha. Mzee Chola akayapika alivyopika siku zote, yakaharibika. Akayapika tena, yakaharibika. Mzee wa watu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kofia mkononi. Harish ndiye aliyepima katika maabara yake, akatwambia mawe yale yana kitu kingine ndani, yanataka moto mdogo. Tukapunguza moto, yakaiva. Mzee Chola alimwinamia Harish kichwa mbele yetu sote.

Ndipo nilipoanza kumpenda yule Mhindi. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya, na alikuwa na subira ya kuandika kanuni za kemia ubaoni kwa wafanyakazi ambao wengi wao walikuja kwa ajili ya kivuli.

Ilipofika ile miaka ya tisini, ambayo wengi wenu hamkuiona, vitu vilianza kusimama kimoja kimoja. Makaa ya mawe hayakufika tena, tukawasha kwa kuni, tanuru moja, mara moja kwa mwezi. Vipimo vilikufa. Dawa za maabara zilikwisha. Baada ya uporaji, maduka yalipovunjwa mji mzima, Wahindi wa mtaa wetu wa Kikula waliondoka, na kaka zake Harish wakavuka kwenda Zambia. Yeye alibaki kwa sababu mama yake alikataa kuhama. Mzee Chola alikuwa amekwisha kufa, nami ndiye niliyekuwa mkuu wa moto, mkuu wa moto usiokuwepo.

Basi tulikaa. Kiwanda baridi, mvua juu ya mabati, na Harish akatufundisha kitu kingine alichokuwa nacho: dini yake. Alikuwa ameisoma tangu utotoni, kwa lugha ya zamani ya makuhani wao, na kurasa nzima zilikuwa kichwani mwake. Alisema kwao kuna kujua kwa aina mbili. Kwanza unasikia kutoka kwa mwalimu au kitabuni kwamba ndani ya mtu kuna kitu kisichozaliwa na kisichokufa. Unakisikia, unakifikiri, unajibizana nacho mpaka shaka inakwisha. Hata hapo, alisema, bado umesikia tu. Kujua kwa pili ni pale unapokutana nacho mwenyewe, wala hapana mtu wa kukuambia tena. Kujua huko alikuita anubhav, na alipotaja neno hilo alishusha sauti.

Kilichonishangaza mimi Mkatoliki ni kwamba vitabu vyao vyenyewe, alivyotueleza, vinakiri kwamba vitabu havifiki huko. Nilikuwa sijawahi kusikia kitabu kitakatifu kinachomwambia msomaji kwamba mwisho wake akiweke chini. 

Faustin, mzimaji wa chokaa, mtu wa kanisa la Kipentekoste ambaye alisali kwa sauti hata akifunga viatu, aliuliza, akimwita Mushe, yaani Bwana, kama sisi sote: "Mushe Harish, kama kitabu kinasema kitabu hakitoshe, ju ya nini unasomaka?"

"Ju bila kusikia, Faustin, utatafuta nini?" Harish akajibu. "Muntu mwenye hajasikia kama kuko maji, hawezi kuchimba."

Nami nikauliza lile lililokuwa moyoni mwa kila mtu. "Na Mushe mwenyewe, ulishakutana nacho?"

Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu, kisha akaanza kuzungumzia habari ya mvua.

Mama yake tulimwita Ba, ndivyo wanavyosema mama kwa lugha yao. Alikuwa karibu na miaka themanini, mdogo wa umbo, na Kiswahili cha Kikula alikijua kuliko mimi. Hakusoma hata herufi moja. Alitafuna tumbaku iliyochanganywa na chokaa iliyozimwa, kiasi cha punje ya mchele, na chokaa hiyo mimi ndiye niliyempelekea, kwenye kikopo cha maziwa, nyuma ya duka lao ambalo tayari lilikuwa tupu.

Safari moja Harish aliipima chokaa ile kwa dawa za mwisho alizokuwa nazo, akasema ni safi. Ba akaigusa kwa ncha ya ulimi, akafunga macho.

"Hii iko na moto bado," akasema. "Ngoy, mutoto yangu, rudisha. Ngoja siku kumi."

"Ba, niliipima!" Harish akasema.

"Eyo, ulipima. Minye nilionja."

Nikairudisha kwenye pipa. Siku ya saba nikamwita Harish aje aone. Punje ndogo ndogo zilikuwa zikivimba na kupasuka ndani ya maji, zile zilizoungua, ambazo hata mimi sikuzisikia mkononi. Harish alisimama kando ya pipa mpaka nikaona aibu kumwangalia.

Kila alfajiri Ba alikaa juu ya jamvi lililokunjwa, macho yamefungwa, mpaka jua lifike mlangoni. Majirani wanasema siku ya uporaji alikuwa amekaa hivyo hivyo. Watu walivunja mlango, wakabeba magunia, mizani, hata rafu, na walipofika pale alipo walimzunguka wakapunguza sauti. Niliwahi kumuuliza huwa anaona nini. Alicheka akaonyesha meno yaliyokwisha kwa tumbaku: "Sione kintu. Minakaa tu." Nikajua kwamba jibu ni hilo, na kwamba sikulielewa.

Mwishoni mwa masika kifua chake kikajaa. Nilienda kumsalimia, nikamkuta Harish kando ya kitanda, kitabu mapajani, anamsomea maneno ya kumvusha anayekufa. Alisoma vizuri, sauti tamu, bila kutazama ukurasa. Ba akanyanyua mkono kumnyamazisha.

"Harish. Ulisoma vitabu yote. Niambie, minaenda wapi?"

Akaanza tena kutoa maneno ya kitabu. Ba akatikisa kichwa.

"Hapana ile. Weye mwenyewe, ulishaona nini?"

Nilitaka kutoka nje, lakini sakafu ya mbao ilikuwa na kelele. Harish alikuwa na miaka hamsini na kitu, mtu anayeheshimiwa Likasi nzima, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Sijaona kitu, Ba," akasema. "Minasomaka tu."

Nilidhani Ba atahuzunika. Akatabasamu, akampigapiga shavuni. "Leo ulisema kweli," akamwambia. Akapumua kwa shida, kisha akamwachia mambo mawili, nami nikiwa shahidi. La kwanza: siku ya moto asisome, aangalie. La pili: ampeleke yeye wote, majivu na mifupa, kwenye maji yanayotembea, asimwache kipande hapa na kipande pale, wala asimchanganye na kitu kingine. Alikufa siku ya tatu, asubuhi, akiwa ameegemezwa ukutani kwa kuwa aliomba kukaa.

Zamani Wahindi wa hapa waliwapeleka wafu wao Lubumbashi, kwa jamaa waliojua kazi hiyo. Safari hii hapakuwa na gari wala petroli, na jamaa walikwisha tawanyika. Hata kuhani hapakuwa. Harish alikuja kwangu amevaa malapa, akasimama uani.

"Ngoy," akasema, "maneno yote ya kuchoma muntu minayajua. Kuchoma, sijui."

Mke wangu alinivuta ndani. "Utachoma muntu sawa jiwe?" akaniuliza kwa hasira, na hofu yake ilikuwa hofu yangu pia. Kwetu mtu anazikwa. Lakini Ba aliniita mtoto wake, na katika mji ule uliokuwa unazimika mimi ndiye niliyejua moto. Nikaenda.

Tulipata ruhusa ya kutumia mdomo wa shimo la zamani la machimbo, mahali ambapo upepo haupigi. Faustin na wenzake wawili walileta kuni ngumu za msituni, zile za kuchomea makaa. Kuni zikilala chini kabisa, moto hukosa pumzi. Hilo kila mchomaji anajua. Kwa hiyo nilipanga safu mbili za mawe, nikaacha njia ya hewa katikati, kisha kuni juu yake, nene chini, nyembamba juu, kwa mkingamo. Mawe yalikuwa tele pale pale, meupe, ya mraba, yananikaa vizuri mkononi. Nilijivunia kazi ile. Harish alisimama karibu, akanitazama nikiyapanga moja moja, akasema ni mazuri.

Mnaona nilichofanya? Mimi sikukiona, wala mkemia hakukiona.

Tulipokwisha kumlaza Ba juu ya kuni, Harish alivaa kitambaa cheupe, akamzunguka na moto mkononi. Kitabu kilikuwa kwapani. Alipofika upande wa kichwa alisimama, akamkabidhi Faustin kile kitabu. Faustin alikishika kwa ncha za vidole, macho juu mbinguni, lakini alikishika mpaka mwisho, na kwa hilo nilimheshimu maisha yangu yote. Harish akawasha.

Kazi yangu ilikuwa kuulisha moto na kuusoma. Kwanza wekundu mzito, kisha wekundu mwepesi, na kufikia adhuhuri chini kabisa palikuwa na rangi ya papai bivu, rangi ambayo nimeitafuta kila siku ya maisha yangu ya kazi. Lakini nilijikuta namwangalia yeye. Mwanzoni midomo yake ilikuwa ikienda yenyewe, yale maneno yake yakijisoma. Kisha ikapungua. Kisha ikasimama. Alibaki akiangalia, karibu sana, hata nyusi zikaanza kuungua, nikamvuta nyuma kwa bega, naye akaja nyuma bila kuondoa macho. Alisimama hivyo tangu asubuhi mpaka moto ulipolala alasiri, bila kunywa maji.

Sijui aliona nini. Nasema kweli, sijui. Nimeona watu wakiangalia moto, nami mwenyewe nimeuangalia kwa kazi, kwa usingizi, kwa kuchoka. Sijaona mtu akiangalia vile. Nilivua kofia, na nilipogeuka nikaona wenzangu wote wamekwisha vua zao.

Kesho yake asubuhi tulirudi kukusanya. Desturi yao ni kunyunyizia majivu maziwa na maji, kisha mwana anaokota mifupa kwa mkono wake. Maziwa tulikoroga ya unga, ya mwisho nyumbani kwao. Harish akapiga magoti, akamimina, akaingiza mikono.

Majivu yakaruka. Yalichemka kama ugali, mvuke ukapanda kutuzidi urefu, na mawe chini yakaanza kulia na kupasuka. Faustin akapiga ukelele, "Yesu wangu! Mama anarudia!" akakimbia, na wale wawili wakamfuata. Tuliwapata baadaye barabarani, wanaimba. Mimi sikukimbia. Nilisikia harufu, na harufu ile naijua kuliko harufu ya nyumba yangu. Mawe niliyoyapanga yalikuwa mawe ya chokaa. Nilikuwa nimeyapika siku nzima, kwa rangi ya papai, na sasa tumeyamwagia maji.

Nilimtoa Harish kwa kumkumbatia. Vijana, shikeni hili: chokaa ikikupata, usikimbilie maji kidogo, ndiyo yanayoiamsha. Pangusa kwanza yote iliyo kavu, kisha maji mengi, mengi sana, bila kuchoka. Hatukuwa na maji mengi. Nilipangusa kwa shati langu, nikamwaga ndoo yote tuliyokuwa nayo, na vidole vyake tayari vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Ni chokaa, Mushe," nikamwambia. "Ni minye niliweka mawe." 

Alitazama mikono yake. Nilingoja matusi, nilikuwa nayastahili. Akasema polepole, "Niliandika ile réaction ya chokaa na maji kwa tableau, pale ubaoni, miaka makumi mbili. Ni leo nimekutana nayo." Na akaanza kucheka, kisha kicheko kikawa kilio, akalia kama mtu ambaye hajalia tangu mama yake afe, na kweli hakuwa amelia.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili kazini. Mikono yangu ilijua, nami sikuiuliza. Niliona siku ile kwamba hata ulilolijua kwa kuungua laweza kulala usingizi likawa kama kitu ulichosimuliwa. Jambo hilo lilinitisha kuliko ule mvuke.

Sasa angalieni tulipofika. Ba aliomba aende yeye wote, tena bila kuchanganywa. Mfupa uliochomwa ni mweupe. Chokaa ni nyeupe. Vipande vya mawe vilikuwa vimepasukia ndani ya majivu, na jicho halikuweza kutenganisha hiki na kile. Harish alikuwa na mikono iliyofungwa vitambaa, hawezi kushika kitu. Alikaa juu ya mwamba, akaniambia neno moja, "Nimeshindwa," na ingekuwa kweli kama tungeondoka hapo.

Niliokota kitambaa cha kichwa ambacho Faustin alikidondosha akikimbia, nikajifunga macho.

Nilianza pembeni, palipobaki pakavu, kwa mikono mikavu. Kipande mkononi, ngoja. Hiki ni jiwe, kina moyo mzito. Hiki ni chokaa. Hiki kinalala tofauti, chepesi, kina vijishimo ambavyo jiwe halina. Huyu ni Ba. Nikakiweka katika chungu. Sikuwahi kushika mfupa wa mtu, na nilidhani nitaogopa, lakini mkono ulimtambua bila shida, kana kwamba alikuwa akinipa mwenyewe. Nilianza kumsalimia kila mara nikimpata, "Eyo, Ba," kwa sauti ya chini, na Harish akawa ananisikia na kujua amepatikana tena. Majivu laini nilichekecha kwa kitambaa kingine. Kazi ilichukua mpaka adhuhuri, na machozi yalilowesha chote kile cha macho.

"Uko na hakika?" Harish akaniuliza.

"Niko na hakika, Mushe."

Tulienda kwa baiskeli mbili hadi ziwa Tshangalele, mahali ambapo mto Lufira unaingia ziwani na maji bado yana mwendo. Chungu kilikuwa kifuani mwangu, kimefungwa kwa kitenge cha Ba, kwa kuwa mikono ya Harish haikuweza. Njiani sikumsikia akisoma wala akiimba. Nilitamani sana kumuuliza lile swali langu la zamani, kama sasa amekutana nacho. Nikaendelea kukanyaga pedali.

Tuliingia majini mpaka kiunoni. Maji yalikuwa baridi. Tulikishika chungu pamoja, mimi kwa viganja, yeye kwa mikono yake iliyofungwa, tukakishusha. Maji yakaingia mdomoni mwake. Ndipo nikasikia ule mlio mdogo, ssss, na mapovu yakapanda, na udongo wa chungu ukaanza kupata joto.

 Nilikuwa nimesema nina hakika, na kumbe kipande kimeniponyoka, kimesafiri naye njia yote. "Mushe," nikasema, "nisamehe. Kuko moja iliniponyoka. Ni chokaa, hakuna kintu ingine, ni chokaa tu yenye—"

"Minajua, Ngoy." Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya moto. Akauweka mkono wake uliofungwa juu ya wangu, akaubana kwenye chungu. "Minajua. Kamata tu."

Nikakamata. Nilikuwa nimeishika chokaa ya moto siku zote za maisha yangu, na sikuwahi kuhisi joto lile.  Tulikishika wote wawili, mpaka maji yakajaa na kikatutoka mikononi.